Mzee Pilipili, mtoto wa mvuvi aliyechora wanyama wa Katanga



Katika mikutano ya vikundi vyetu swali moja limerudi mara nyingi: mtoto anayependa kuchora kuliko kusoma, tumfanye nini? Mama mmoja anasema mwana wake anamaliza kaye kwa kuchora ndege na magari. Mwingine anasema ukuta wa nyumba umejaa makala. Wa tatu anauliza kama kazi ya namna hiyo inaweza kumpatia mtu bukari. Tumeona ni vizuri, kuliko kujibu kwa maneno mawili, tuwaelezee maisha ya mtu mmoja wa inchi yetu. Jina lake ni Pilipili Mulongoy. Alichora samaki, mamba, nyoka na ndege maisha yake yote, na picha zake zinaheshimiwa katika miji mikubwa ya dunia. Hata hivyo watoto wetu wengi shuleni hawajapata kusikia jina lake, ingawa aliishi katikati yetu hapa Lubumbashi mpaka alipokufa mwaka 2007.

Mtoto wa mvuvi

Pilipili alizaliwa mwaka 1914 katika Katanga. Baba yake alikuwa mvuvi. Neno hilo ni dogo, lakini wenye asili ya upande wa Lualaba, Ziwa Kisale na Ziwa Upemba wanajua lina maana gani. Mtoto wa mvuvi anaamka kabla ya jua. Anajua samaki kwa majina, anajua yule mwenye miiba na yule mwenye ndevu, anajua nani anakaa kwenye matope na nani anapenda maji yanayokimbia. Anajua mahali mamba anapoota jua. Anamtazama ndege anayesimama kwa mguu mmoja ndani ya matete akingoja samaki apite, naye anajifunza kungoja. Hakuna mwalimu anayemwandikia mambo hayo ubaoni. Anayapata kwa macho, kwa sababu asipotazama vizuri atarudi nyumbani bila kitoweo, au hatarudi kabisa.

Sisi walimu tunasema mara nyingi kwamba mtoto wa kijijini amechelewa. Katika kusoma na kuandika, pengine ni kweli. Katika kutazama, amewapita wengi. Ukitazama picha za Mzee Pilipili utaona mambo ambayo mtu hawezi kuyabuni: namna nyoka anavyojizungusha kwenye tawi kuelekea kiota, namna samaki wanavyogeukia upande mmoja wote pamoja.

Hangari ya Elisabethville

Mji wa Lubumbashi wakati ule uliitwa Elisabethville. Ulikuwa mji wa shaba, wa reli na wa makampuni. Watu walikuja kutoka kila upande kutafuta kazi. Wakati wa vita vya pili vya dunia alifika Kongo Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, aliyezaliwa mwaka 1887 katika mji wa Brest na aliyekuwa zamani afisa wa jeshi la majini. Naye alikuwa mchoraji. Akakaa Elisabethville, na mwaka 1946 akafungua mahali pa kuchorea. Watu wakapaita kwa jina la jengo lenyewe: Le Hangar, yaani Hangari.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa ya ajabu kwa siku zile. Hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya ili waziige. Aliwakataza kuiga. Hakuwaambia, "Farasi anachorwa hivi, mti unachorwa hivi." Aliwapa karatasi, rangi na burashi, akawapeleka nje kutazama pori na maji, kisha akawaacha watoe kilicho ndani yao. Kila mmoja alipaswa kupata njia yake mwenyewe.

Pilipili alipoingia Hangari hakuwa mtoto. Hangari ilipofunguliwa yeye alikuwa na umri wa miaka 32. Tunawaomba wamama wakae kidogo juu ya jambo hili, maana wengi kati yetu tunajiambia kwamba wakati wetu wa kujifunza umepita. Mtu wa miaka thelathini na zaidi aliketi chini kama mwanafunzi, akachukua burashi, akaanza. Baadaye aliendelea na kazi hiyo miaka mingi sana.

Mikono mitatu, njia tatu

Katika Hangari walipita vijana kadhaa, lakini watatu wanakumbukwa kuliko wengine. Inafaa tuwaelezee wote watatu, kwa sababu mama mwenye watoto watatu anajua kwamba tumbo moja linazaa tabia mbalimbali.

Wa kwanza ni Bela. Asili yake ni kabila la Sara, katika inchi ya Chad, na alikuwa mtumishi katika nyumba ya Desfossés. Bela hakutumia burashi. Alichovya ncha za vidole katika rangi na kuzigonga juu ya karatasi, kidole baada ya kidole, mpaka alama ndogondogo zikawa mti, mwindaji au ndege. Ukisogea karibu unaona alama za vidole. Ukirudi nyuma unaona mnyama.

Wa pili ni Mwenze Kibwanga, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufa mwaka 1999. Yeye alijaza picha yake kwa mistari mifupi iliyosimama bega kwa bega, kama majani ya mkeka uliosukwa. Rangi zake ni za udongo: nyekundu ya kichuguu, kahawia, njano.

Wa tatu ndiye Pilipili. Yeye hakupenda kuacha mahali patupu. Nyuma ya kila mnyama alipanga vitone, majani madogo, mafundo na mistari, kwa uvumilivu wa mtu anayechagua mchele. Hakuna kona ya picha iliyosahauliwa. Ndani ya uwanja huo uliojaa anatokea samaki mwenye magamba yaliyohesabika, au kanga mwenye madoadoa yake, au ndege anayewalisha vifaranga, au mamba aliyefungua kinywa. Mara nyingi wanyama wake wanakulana. Nyoka anameza mayai, ndege anakamata samaki, samaki mkubwa anafuata mdogo. Lakini picha haitishi. Inaonyesha tu kwamba ndivyo maji na pori vinavyoishi, kila mmoja akitafuta chakula chake na cha watoto wake.

Mwalimu mmoja, nyumba moja, rangi zilezile, na wanafunzi watatu wakatoka bila kufanana hata kidogo. Shuleni tunapowataka watoto arobaini wachore nyumba ileile yenye mlango ileile na jua kwenye kona ileile, tunapoteza kitu. Tunayasema haya kwa ajili yetu sisi walimu kabla ya kuyasema kwa wazazi.

Mawazo yake yalitoka wapi

Wengi wanafikiri mchoraji anangoja mawazo yashuke kutoka juu. Tukitazama kazi ya Mzee Pilipili tunaona mawazo yalitoka mahali pa kawaida.

Kwanza, maji. Mtoto wa mvuvi alibaki mtoto wa mvuvi hata alipokuwa mtu wa mji. Samaki hawakumwacha. Aliwachora kwa rangi ambazo pengine hawana mtoni, lakini umbo na mwendo ni wao.

Pili, kazi ya mikono ya wazee wetu. Vitone na mistari inayojaza picha zake inatukumbusha mambo tuliyoyaona kwa bibi zetu: mapambo ya mtungi kabla haujachomwa, ufundi wa kikapu na mkeka, chale za zamani juu ya ngozi, ukuta wa nyumba uliopakwa udongo mweupe na mwekundu. Wamama ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi hizo. Aliyekua kati ya vitu hivyo alikuwa na shule tayari kabla ya kuingia Hangari.

Tatu, mafumbo. Katika hadithi zetu za jioni sungura, kobe, mamba na nyoka ndio waalimu. Mtoto anayesikiliza hadithi anajua kwamba mnyama anaweza kusema jambo la watu. Picha ya nyoka anayekaribia kiota wakati mama ndege yuko mbali, kila mama anaielewa bila kuandikiwa maneno chini yake.

Lazima tuseme ukweli mwingine pia. Katika picha za Hangari hatuoni bomba kubwa la kiwanda cha shaba, hatuoni reli, hatuoni kambi ya wafanyakazi, ingawa vitu hivyo vyote vilikuwa hapohapo karibu. Wako wataalamu wanaouliza kama Desfossés alipenda Afrika ya pori tu, akafunga macho asione Afrika ya mji na taabu yake chini ya wakoloni. Swali hilo ni la haki. Wachoraji wa mji waliokuja baadaye walilijibu kwa kazi yao. Tshibumba Kanda Matulu, katika miaka ya 1970, alichora historia ya Kongo na mateso yake. Na wengi wenu mnakumbuka picha ya mamba muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, iliyotundikwa katika salon za wazazi wetu. Lakini hata tukiuliza swali hilo, hatumwondolei Pilipili kazi yake. Mamba aliowachora aliwafahamu yeye mwenyewe.

Mama Antoinette Lubaki wa Bukama

Katika Hangari majina yanayojulikana ni ya wanaume. Gazeti letu ni la wamama, kwa hiyo hatuwezi kuendelea bila kutaja mwanamke aliyetangulia miaka ishirini mbele yao.

Mwaka 1926 mtumishi mmoja wa serikali ya Wabelgiji, Georges Thiry, alipita Bukama, kando ya Lualaba. Akaona nyumba zilizochorwa ukutani. Akauliza ni kazi ya nani, akaonyeshwa Albert Lubaki, fundi wa pembe za ndovu. Thiry alijua kwamba mvua ingefuta kazi ile ya ukuta, ndipo akampa karatasi na rangi za maji. Mke wa Albert, Mama Antoinette, binti wa chifu, naye akachukua burashi. Alichora watu na wanyama katika nafasi nyeupe, kwa rangi chache tu.

Mwaka 1929 picha za Kongo za namna hiyo zilionyeshwa Brussels, na mwaka 1930 Geneva. Leo Antoinette Lubaki anahesabiwa kuwa mmoja wa wanawake wa kwanza wa Kongo ambao picha zao juu ya karatasi zimebaki na jina lake. Wale waliokuwa wakileta karatasi walipoacha kuleta, majina ya mume na mke hayakusikika tena kwa miaka mingi.

Wamama, tufikiri kidogo. Ni wamama wangapi walichora kuta za nyumba, na mvua ikafuta, na jina halikuandikwa mahali popote? Tofauti kati ya Mama Antoinette na hao wengine si akili wala mikono. Ni karatasi, na mtu aliyeitunza.

Mwanafunzi akawa mwalimu

Desfossés alikufa mwaka 1954. Vijana wake wangeweza kutawanyika. Lakini katika mji huohuo palikuwa na shule nyingine, Académie des Beaux-Arts, iliyoanzishwa mwaka 1951 na mchoraji Mbelgiji Laurent Moonens. Hangari ikaingia ndani ya shule hiyo, na Pilipili na Mwenze wakafundisha humo. Mtoto wa mvuvi sasa alisimama mbele ya wanafunzi.

Miaka ikapita. Mwaka 1960 uhuru ulikuja, Katanga ikajitenga, vita vikapiga, jina la mji likabadilika, jina la inchi likabadilika zaidi ya mara moja. Mzee alipita katika hayo yote. Alikufa Lubumbashi mwaka 2007, akiwa amevuka miaka tisini. Mwaka 2015, mjini Paris, Fondation Cartier ilifanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo yaliyoitwa Beauté Congo, kuanzia mwaka 1926 wa Lubaki mpaka vijana wa leo. Kazi za Pilipili, Bela, Mwenze na Mama Antoinette zilikuwa humo. Watu wa Ulaya walisimama mbele ya picha hizo na kushangaa.

Je, inaleta bukari?

Sasa turudi kwenye swali la mama wa tatu, maana hatutaki kumjibu kwa hadithi tamu tu.

Kazi ya kuchora ilimpatia Pilipili mahali pa kufundisha na jina linalodumu. Lakini bei kubwa tunazosikia leo, wakati picha za Hangari zinapouzwa katika minada ya Ulaya, zinamwendea kwanza yule aliyeishika picha, si mkono ulioichora. Picha iliyotoka Elisabethville kwa fedha kidogo katika miaka ya 1950 imeuzwa na kuuzwa tena. Hilo ni somo la kwanza kwa mtoto anayetaka kazi hii: atie sahihi yake, aandike tarehe, aandike katika daftari amemwuzia nani na kwa bei gani, na awe na picha ya simu ya kila kazi. Mtu asipoandika, wengine wataandika kwa jina lao.

Somo la pili: asiache shule. Anayejua kusoma na kuhesabu hadanganywi kwa urahisi kwenye mkataba. Nasi tumeona kwamba mkono unaochora una kazi nyingi zaidi ya picha ya kutundika. Wako wanaoandika vibao vya maduka na magari, wanaobuni michoro ya vitenge, wanaochora vitabu vya watoto, wanaosaidia wajenzi kwa ramani za nyumba, wanaofundisha. Si wote watakuwa kama Mzee Pilipili. Lakini si kweli kwamba kuchora ni uvivu.

Samaki bila kichwa

Kuna jambo lingine linalotusumbua sisi walimu wa mji. Siku moja darasani tuliomba watoto wachore samaki. Watoto kadhaa walichora kipande, bila kichwa wala mkia. Hawakukosea: walichora kitu wanachokiona nyumbani, kipande cha chinchard kinachotoka katika friza ya sokoni. Tulipoomba mnyama wa pori, wengi wakachora simba wa kwenye mkebe. Mtoto mmoja tu, aliyehamia mjini kutoka upande wa Ziwa Upemba, alichora kambale mwenye ndevu zake zote, na wenzake wakamcheka.

Wakati huohuo wanyama wenyewe wanapungua. Hifadhi ya Upemba ilianzishwa mwaka 1939, na ya Kundelungu mwaka 1970. Zote mbili zimepigwa na ujangili na bunduki za vikundi vya vita. Upemba ndipo mahali pa mwisho katika Kongo yetu ambapo punda milia bado wanaishi porini, na ni wachache. Katika maziwa, watu wenye njaa wanavua kwa vyandarua vya mbu, wavu usiomwachilia hata samaki mdogo kama kucha, na mwaka unaofuata wavu unatoka mtupu. Hatuwahukumu. Mama mwenye watoto saba hana nafasi ya kungoja samaki akue. Lakini samaki ambao Mzee Pilipili alichora kwa magamba yaliyohesabika, wajukuu zetu wanaweza kuwaona katika picha tu. Na mtoto asiyemjua mnyama kwa jina wala kwa umbo, hatahuzunika siku atakapokosekana.

Ndiyo sababu tunasema kwamba kuchora wanyama si mchezo wa kupoteza wakati. Mtoto anayechora kanga anaanza kumtazama kanga: ana vidole vingapi, madoa yake yamepangwaje, anakula nini, anaficha wapi mayai. Hilo ni somo la sayansi bila kitabu. Na kwa watoto wadogo, mkono unaozoea kushika makala na kalamu kwa kuchora unaandika herufi vizuri zaidi siku ya kuanza mwaka wa kwanza.

Nyumbani tufanye nini

Hatuombi mtu anunue vitu vya bei. Vifaa vingi viko katika uwanja wa nyumba.

Makala yaliyobaki katika babula ni kalamu nzuri nyeusi. Chagua vipande vyembamba. Pemba iliyosagwa na kuchanganywa na maji inatoa nyeupe. Udongo wa kichuguu unatoa nyekundu. Uuchuje kwanza kwa kitambaa cha zamani. Majani mabichi yakitwangwa yanatoa kijani, ingawa rangi yake haikai sana. Uji mwepesi wa unga wa muhogo ukichanganywa ndani ya rangi unaisaidia kushika karatasi. Burashi ni kijiti kibichi kilichotafunwa upande mmoja, au unyoya wa kuku, au kidole, kama Bela. Karatasi ni katoni iliyofunguliwa au mfuko wa unga uliopasuliwa. Waangalie wadogo wasitie udongo na majani kinywani, na wasitumie mfuko wa saruji, maana vumbi lake linaunguza ngozi na macho.

Mpe mtoto sehemu yake. Kama ukuta wa nyuma ni wako na si wa kupangisha, mwonyeshe kipande kimoja: hapa chora, pale hapana. Mtoto aliyepewa mahali pake hasumbui mahali pa wengine. Mkienda sokoni, nunueni mara moja samaki mzima, hata mdogo, naye amtazame vizuri kabla hajaingia chunguni. Akikuletea picha, usiulize kwanza, "Hiki ni nini?" Mwambie, "Nielezee." Utasikia mambo mengi. Na ukimwona amechoka na kuchora, mwache acheze.

Andika jina lake na tarehe nyuma ya picha. Tunza mbili au tatu za kila mwaka katika bahasha pamoja na hati zake za shule. Na siku mtakapopata nafasi mjini Lubumbashi, wapelekeni watoto katika Muze ya Taifa, waone kwamba kazi ya mikono ya watu wetu inatunzwa na kuheshimiwa.

Kwa wale mama ambao mwana wao amezidi, yaani anachora tu na masomo yanaanguka, msichome kaye. Tumewahi kuona kaye iliyochomwa, na tumeona kwamba alama hazikupanda kwa sababu hiyo. Mtoto alijifunza tu kuchora kwa kujificha. Njoo uongee na mwalimu wake. Patana na mtoto: zoezi la hesabu kwanza, kisha picha. Mpe kaye mbili, moja ya shule na moja ya michoro, hata kama ya pili ni makaratasi yaliyoshonwa kwa uzi.

Maswali kwa ajili ya kikundi

Tunaomba mama mwenyekiti wa kila kikundi asome maswali haya katika mkutano wa juma hili, na kila mmoja apate nafasi ya kusema.

1. Bibi yako au mama yako alijua kazi gani ya mapambo: mtungi, mkeka, ukuta, vikapu, misuko ya nywele? Nani ameirithi?

2. Taja samaki, ndege au wanyama watano uliowaona ukiwa mtoto ambao watoto wako hawajawaona. Waliondoka kwa sababu gani?

3. Kati ya watoto wako, nani ana mkono wa kuchora? Alipokuonyesha kazi yake mara ya mwisho, ulimjibu nini?

4. Kikundi chetu kinaweza kutafuta wapi makaratasi ya upande mmoja mtupu kwa ajili ya watoto: biro, shule, parokia, duka?

Majibu ya vikundi yanaweza kuletwa kwa mama katibu kabla ya siku ya gazeti lijalo. Ikiwa mtoto yeyote atachora samaki mzima, mwenye kichwa na mkia, aandike jina lake chini, na picha iletwe pia. Tutazitundika katika chumba cha mikutano.